Tundu na Kisima

Nilikuwa na kiburi cha Kiswahili, na kiburi hicho nusura kiwanyime maji watu wa kijiji alikozaliwa mama yangu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika haya kumtafuta mwingine wa kumbebesha lawama.

Kabla ya mambo ya visima nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Mtwara. Nilifundisha Kiingereza, lakini wanafunzi wangu wananikumbuka zaidi kwa ukali wangu wa Kiswahili. Mtu akichomeka neno la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, nilimsimamisha, na hakukaa mpaka alipate la Kiswahili. Wengine walisimama mpaka kengele ikalia. Niliona nawajenga.

Kisha ikaja kampuni ya kutafuta mafuta na gesi upande wa kusini, kwenye njia ya kuelekea mlango wa mto Ruvuma. Walitaka mkalimani anayejua Kiingereza na Kiswahili sawasawa, na anayesikia Kimakonde hata kama hakisemi vizuri. Nilikuwa mimi kabisa. Nyumbani, mtaa wa Shangani, waliniambia naacha kazi ya kudumu kwa kazi ya msimu. Walisema kweli, nami sikuwasikiliza.

Kilichonivuta si mshahara tu. Eneo walilopanga kuchimba lilikuwa nje kidogo ya kijiji cha mama. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, nikalelewa na dada yake, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shamba la mikorosho na mihogo, asiyependa kusema jambo mara mbili. Nilimwita mama tu, lakini humu nitamwita mama mkubwa ili tusichanganyane.

Kijiji kile kilikuwa hakina maji. Masika watu walikinga ya mabati. Kiangazi wanawake waliteremka bondeni kufukua vishimo, na walichopata kilikuwa na ladha ya tope. Mwenye uwezo alinunua madumu kwa vijana wa pikipiki. Watu walikuwa wamezoea, ila kuna jambo moja mama mkubwa hakulizoea. Mume wake alikufa katikati ya kiangazi. Pikipiki iliyofuata maji ya kumwoshea ilipata pancha njiani, na watu wakakaa msibani tangu asubuhi mpaka alasiri, maiti ndani, wanaume nje wakitazama barabara. Hakuna aliyemlaumu mama mkubwa. Yeye mwenyewe aliona aibu, na aibu ile haikumtoka.

"Nyumbani kwangu maiti alingoja maji," alikuwa akisema. "Siku yangu mimi sitaki kungoja."

Katika mkutano wa kwanza wa kijiji nilisimama mbele ya watu nikaeleza mradi. Kampuni ingechimba visima viwili. Cha kwanza ni kisima cha utafutaji, kirefu kupita akili, cha kuangalia kama chini kuna mafuta au gesi. Cha pili ni kisima cha maji, cha kawaida, kwa sababu mtambo wa kuchimbia hunywa maji mengi kila siku na hayawezi kuletwa yote kwa magari. Niliyasema haya kwa Kiswahili safi, bila neno moja la kigeni, na nilijisikia vizuri sana.

Mama mkubwa alinyoosha mkono. Hakuonyesha kwamba ananijua.

"Ntambo ukiondoka, kile cha maji kinakwenda nao?"

Nilifungua makaratasi ya Kiingereza nikasoma. Yalisema kijiji kikiomba, kitakabidhiwa kisima hicho.

"Kitabaki, mama," nikamjibu, mbele ya kijiji kizima.

Baada ya wiki chache nilikabidhiwa kazi ya kuyatafsiri makaratasi yote ili kijiji kisaini nakala ya Kiswahili. Niliyatafsiri kwa siku tatu mezani kwangu Shangani, na mwenyekiti wa kijiji akasaini kwa niaba ya watu wake. Alinisifu kwamba hajawahi kusoma karatasi ya kampuni akaielewa yote.

Uchimbaji ulianza vizuri. Kila asubuhi nilihudhuria kikao cha kambini, nikaandika walipofika, kisha nikampelekea mwenyekiti, naye akaandika kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa ukutani mwa ofisi yake. Watu walikuja kusoma mita kama wanavyofuatilia matokeo ya mpira. Wiki za mwanzo bomba lilishuka haraka, kwenye udongo mwekundu, mchanga, mfinyanzi. Waliokuwa na wasiwasi na mradi, na walikuwepo, maana watu wa kusini wamekwisha kuona gesi ikipita kwao kwenda kwingine, hata wao walisimama mbele ya ubao.

Kisha yakaja matatizo. Uchimbaji wa namna hii hutumia matope maalumu: yanasukumwa chini ndani ya bomba, yanarudi juu kandokando yakiwa yamebeba vipande vya mwamba. Siku moja matope yalishuka na hayakurudi. Mwamba ulikuwa na nyufa ukayameza yote. Niliandika ujumbe wangu wa siku: "Matope yamepotea. Kazi imesimama."

Mwenyekiti alinijia kambini mwenyewe, amevaa kanzu na koti juu.

"Mwalimu, nipe majina tu," akasema. "Mgambo ninao. Wezi wa matope hawafiki mbali."

Nilimweleza, akacheka mpaka akashika goti. Lakini sikujifunza kitu. Wiki tatu baadaye bomba lilikatika huko chini, kipande chake kikabaki pamoja na jino la kutobolea mwamba. Wachimbaji wana msemo wao kwa kazi ya kukiopoa kitu kilichodondokea ndani: husema wanavua, kama mtu anavyovua samaki. Mimi nami nikaandika, "Wameanza kuvua. Haijulikani watamaliza lini." Ningeweza kuandika wanaopoa. Ila nilipenda jinsi neno lile lilivyokaa.

Walivua siku tisa. Katika siku hizo habari ilifika mpaka Mikindani kwamba chini ya kijiji kuna bahari na wazungu wanavua humo kwa kamba ya chuma. Mvuvi mmoja mtu mzima, mtani wa ukoo wetu, alikuwa akinisimamisha kila nikipita aniulize bei ya huko chini, na kama wanauza jumla au rejareja. Wakakipata kile kipande, kazi ikaendelea, lakini habari ya bahari haikufa.

Wakati wote huo kisima cha maji kilikuwa kikifanya kazi. Msimamizi wa mtambo, mzungu wa makamo asiye na maneno mengi, alikubali ombi la mwenyekiti, na koki mbili zikafungwa nje ya uzio. Zilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Nikishuka kwenye gari la kambi asubuhi nilimkuta mama mkubwa amekwisha kufika, amekalia ndoo yake iliyopinduliwa, wa kwanza kwenye foleni. Maji yalikuwa matamu. Alisema chai ya kwanza aliyopika kwa maji yale aliimwaga, akidhani amesahau kuweka kitu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ile ladha ya tope," akasema. "Nimeizoea kama chumvi."

Mtambo ukafika kina walichokitaka. Waliteremsha vyombo vya kupimia, wakapima, wakakaa kimya kambini siku mbili. Siku ya tatu msimamizi aliniita akaniambia matokeo, na alivyonitazama nilijua kabla hajafungua mdomo. Mwamba waliokuwa wakiutafuta ulikuwepo, tena mzuri, wenye vinyweleo vingi vya kuhifadhi mafuta. Ila vinyweleo vyote vilijaa maji ya chumvi. Kwa wachimbaji wa mafuta hakuna neno baya kuliko maji.

Nikaitisha mkutano. Nilikuwa nimechoka, nimeathiriwa na huzuni ya kambini, na nilisimama mbele ya watu nikasema kwa sauti ya msiba:

"Ndugu zangu, wamekuta maji."

Vigelegele vilipigwa mpaka nikashtuka. Wanawake walisimama, mmoja akavua khanga ya begani akaipunga. Mwenyekiti alinipa mkono. Ilinichukua muda kuwanyamazisha, na nilipowaeleza kwamba ni maji ya chumvi, tena yako chini mno, na kwamba kampuni imeshindwa na itafunga kambi, yule mvuvi alisimama nyuma akawageukia wenzake.

"Si nilisema kuna bahari?"

Watu walicheka, wakaanza kutawanyika kurudi kwenye korosho, maana msimu ulikuwa umeshika. Mama mkubwa alibaki.

"Na kile chetu?"

"Kitabaki, mama," nikamwambia mara ya pili.

Kesho yake afisa mazingira wa kampuni, binti mmoja kutoka Moshi, makini kuliko umri wake, aliniita ofisini kwake kwenye kontena. Mezani alikuwa na nakala ya Kiswahili, na kidole chake kilikuwa juu ya sentensi moja. Niliitambua. Niliyoiandika mwenyewe huwa naitambua.

"Visima vyote vilivyochimbwa na mradi vitazibwa kwa saruji, na ardhi kurudishwa kama ilivyokuwa."

Kwa Kiingereza kisima cha mafuta kina jina lake na kisima cha maji cha namna ile kina jina lake. Sentensi ya kuziba ilihusu cha mafuta tu. Mimi niliviita vyote kisima, kwa sababu Kiswahili ndivyo kinavyoviita, na nikaongeza "vyote" kwa ajili ya mdundo wa sentensi. Hakuna aliyeniomba neno lile, nalo lilikuwa limeifuta ile ahadi ya kukabidhi. Makao makuu Dar es Salaam walikuwa wamesoma nakala iliyosainiwa na kijiji, wakatoa amri: tumekubaliana na wananchi kuziba vyote, tuzibe vyote, tusije tukashtakiwa. Kikosi cha saruji kingeanza Jumatatu. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

"Kuna njia moja," akasema yule binti. "Muhtasari mpya wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye sahihi za watu. Ufike hapa kabla ya Jumatatu, nami nitaupigania."

Nilikwenda kwa mwenyekiti kwanza. Alinisikiliza, akavuta pumzi, akanipa ushauri ambao naamini aliutoa kwa wema.

"Mwalimu, usiseme ni wewe. Sema wazungu wamegeuka. Watu watakuja mbio hata kama wako mashambani. Wakisikia ni neno la Kiswahili, nani ataacha korosho aje kusahihisha neno?"

Sitadanganya, wazo lile lilinikaa. Lilikuwa jepesi, na lingefanya kazi. Nilitoka kwake nikaenda kwa mama mkubwa nikiwa bado nalo. Nilimkuta barazani anamenya muhogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa, na kabla sijapanga maneno nikajikuta nimemwambia yote, tangu "visima vyote" mpaka Jumatatu. Niliona aibu kubwa kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe. Kisu chake hakikusimama.

"Kwa hiyo neno lako limekula neno lako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mwenyekiti anasemaje?"

Nikamwambia. Alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akautupia kwenye sufuria.

"Wale wazungu wamekuja, wametafuta, wamekosa, wamesema tumekosa. Sijaona ntu amewatukana. Wewe unaogopa nini?"

Kisha alijitanda khanga akatoka. Siku ile na kesho yake alizunguka kwenye mashamba, na wanawake wa foleni ya koki wakazunguka naye. Ujumbe ulikuwa mmoja: Ijumaa baada ya swala, darasani shuleni, jambo la maji. Kwa neno maji walikuja hadi waliokuwa wamehamia kwenye mabanda ya korosho, mikono myeusi kwa utomvu.

Nilisimama mbele, mahali ambapo mwalimu husimama, nikasema kosa ni langu. Niliwasomea sentensi yangu, nikawaeleza kwamba kwa sentensi hiyo kisima chao kitajazwa saruji Jumatatu. Nilidhani nitazomewa, na nilikuwa tayari.

Mtu mmoja akasimama kwenye madawati ya nyuma. Nilimfundisha kidato cha pili, sasa ana duka la pembejeo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "tulipokuwa kwako, mtu akikosa neno alifanywaje?"

"Alisimamishwa," nikasema.

"Basi simama hapo hapo mpaka ulipate la Kiswahili."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko, nami nikacheka huku machozi yananilenga. Lakini hakuwa anatania tu. Muhtasari ulihitaji kusema kipi kizibwe na kipi kibaki, na maneno yasiyochanganya mtu wa Dar. Nikapendekeza kisima kirefu na kisima kifupi. Wakakataa. Serikali ikichimba cha maji nayo huita kisima kirefu, akasema mwenyekiti, tutajiziba wenyewe. Nikapendekeza kisima cha utafutaji na kisima cha matumizi. Mvuvi akauliza, je, aliyekuja kuteka hakuwa anatafuta? Nikajaribu la tatu na la nne. Nilisimama pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nilijua jinsi miguu inavyouma.

Mama mkubwa alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yamebanwa na ubao mdogo.

"Mnajisumbua," akasema. "Kisima ni kile unachoteka. Hicho kingine ni tundu."

"Kama la choo," akadakia mvuvi.

"Hata la choo lina faida," akajibu.

Mwenyekiti aliandika bila kuniuliza. Muhtasari ule ninayo nakala yake mpaka leo. Una maelezo ya mahali, kipi kiko mashariki na kipi magharibi ya barabara, kisha maneno manne: "Tundu lizibwe. Kisima kibaki." Chini yake ni sahihi na alama za vidole gumba, karatasi nne, nyingine zina madoa ya utomvu wa korosho.

Nilizipeleka kambini jioni hiyo hiyo. Binti wa Moshi alizituma Dar, na Jumapili mchana jibu likaja kwamba sawa. Msimamizi aliniita ili nimweleze kilichoandikwa, kwa sababu kwenye simu walikuwa wakitaja neno asilolijua. Nikamweleza tofauti ya tundu na kisima kama nilivyofundishwa. Alitazama mtambo wake dirishani, ulioanza kufunguliwa vipande.

"Nimetoboa nchi nyingi," akasema. "Karibu yote yalikuwa matundu. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Hakusema kwa uchungu. Aliniambia pia kwamba tundu tupu nalo hujibu swali, linakwambia usirudi hapa. Nilimjibu kwamba sisi husema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Akafikiri, akasema huyo aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta mafuta.

Jumatatu saruji ikaingizwa kwenye tundu. Walilijaza kwa hatua, wakakata bomba la juu, wakachomelea bamba la chuma lenye namba. Nilisimama karibu na kisima siku zote tatu za kazi ile, makaratasi mkononi, ingawa hakuna aliyekikaribia. Sikuweza kwenda kukaa.

Kampuni iliondoka na pampu yake, kwa sababu ilikuwa ya kukodi. Kwa miezi mingi kisima kilikaa na kifuniko tu, na wanawake wakarudi bondeni. Mama mkubwa alikuwa akinipigia simu kuniambia kwamba amepita, amekiona, kipo. Mimi na mwenyekiti tulikwenda halmashauri mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, mpaka ikaletwa pampu ya mkono. Inalia kama punda na mpini wake ni mzito, lakini inatoa.

Mimi nilirudi kufundisha, kwenye shule ya binafsi, maana nafasi yangu ya zamani ilikwisha kujazwa. Bado simpendi mtu wa kuchanganya lugha. Ila siku hizi mwanafunzi akikwama nakwama naye, na nikiona hatulipati nawauliza wenzake.

Mama mkubwa alifariki kiangazi kilichopita. Nilipigiwa simu baada ya swala ya alfajiri. Nilivaa, nikakodi gari, na kabla ya kutoka nikajaza madumu mawili ya maji bombani uani, nikayapakia. Sikufikiri. Ndivyo tulivyokuwa tukienda msibani kijijini kwetu tangu utoto wangu, mtu unabeba maji. Njia nzima niliyasikia yakicheza nyuma ya kiti, nikawa nahesabu: dumu la kumwoshea, dumu la akiba, pikipiki ikipata pancha.

Nilipofika, wanaume walikuwa wamekaa nje, na hakuna aliyekuwa akitazama barabara. Uani wanawake walikuwa wanakung'uta mikeka. Ndoo zilipangwa ukutani, zimejaa, na moja ilikuwa tupu imepinduliwa. Nilisimama na madumu yangu mikononi sijui niyaweke wapi. Mwanamke mmoja wa foleni ya koki alikuja akanipokea yote mawili.

"Haya tutapikia chai ya wageni," akasema. "Kuosha tumekwisha maliza, mwalimu. Mama yako hakungoja."

Tulimzika kabla ya adhuhuri.